Siku tatu na faili za Maji Maji: uzoefu wangu katika hifadhi ya nyaraka ya chuo kikuu

Chuo chenyewe sitakitaja. Karatasi nilizozifuata zina nakala katika maktaba zaidi ya moja, na nilikokwenda mimi nilikuta ya kusifu na ya kulalamikia, na dada aliyenihudumia bado yuko kazini.

Safari hii ilianzishwa na mjomba. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi kwa yale ya Vita vya Maji Maji. Tukaangalia kwenye televisheni. Mjomba akakohoa, akasema: "Sawa, Songea. Lakini pamba iling'olewa wapi kwanza?" Sisi ni Wamatumbi wa Kipatimu, Kilwa, na kwetu hilo si swali, ni lawama. Pamba ya kwanza iling'olewa Nandete, Julai 1905, katika shamba ambalo watu walilimishwa kwa nguvu chini ya akida na majumbe, na huko kung'oa ndiko kulikoanzisha vita dhidi ya Wajerumani. Halafu mjomba akaongeza kwamba enzi za Mwalimu walikuja vijana wa chuo na madaftari, wakawahoji wazee kijiji kwa kijiji. "Yale madaftari yako wapi?" Mimi ndiye ninayeishi Dar, kwa hiyo kazi ikawa yangu.

Vijana wale ni wa kweli. Mwaka 1968 idara ya historia ya Chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliwatuma wanafunzi wake wawahoji wazee waliokuwa hai wakati wa vita. Mradi ulikuwa chini ya John Iliffe na Gilbert Gwassa. Walichokusanya kilipigwa taipu na kurudufiwa kwa saiklostaili, kila karatasi ikipewa herufi MMRP (Maji Maji Research Project, jina la mradi kwa Kiingereza) na mfuatano wa namba ambao ndani yake kuna 68, mwaka wenyewe. Ukisoma popote kwamba "wazee wanasimulia" kuhusu Kinjikitile wa Ngarambe, mganga aliyegawa dawa ya maji ya vita hivyo, kuna uwezekano mkubwa chanzo ni kazi ya akina Gwassa na vijana hao.

Sasa huduma. Siku ya kwanza yote iliishia mlangoni. Nilikwenda na kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nikijiona nimejipanga. Nikaambiwa barua hiyo haitoshi, inatakiwa ya chuo au ya taasisi ya utafiti. Nikasema mimi si mtafiti, ni mjukuu. Kijana wa mapokezi akanitazama kama mtu aliyeomba kuingia stoo. Fomu yao ina sehemu ya kujaza "mada ya utafiti" na "msimamizi", ila haina pa kuandika kwamba waliohojiwa ni watu wa kwenu. Nilirudi nyumbani na hasira. Kesho yake rafiki yangu mwalimu akaniandikia barua, nikalipa ada ya msomaji wa nje, risiti nikapewa, nikaingia. Kama unatoka kijijini na huna rafiki mwalimu, sijui utaingiaje, na hapo ndipo nawakata nyota nzima.

Ndani mambo yalibadilika kabisa. Begi na kalamu ya wino unaacha nje, unaingia na penseli, daftari na simu. Dada mtunza nyaraka akanieleza kwa upole kila kitu: osha mikono, kausha vizuri, fungua faili juu ya meza, usilipakate, usilambe kidole kugeuza ukurasa. Picha ruhusa bila mwanga wa flashi. Kabati la kadi halikunisaidia, maana mradi mzima una kadi moja tu, haukupangwa kwa kijiji wala kwa kabila. Dada akaniambia, "Kaka yangu, hapa dawa ni kufungua boksi moja moja," akakaa nami karibu saa nzima tukifungua. Hakuna bei ya hiyo.

Karatasi zenyewe zimegeuka rangi ya chai. Pini za zamani zimeshika kutu na kuacha alama mbili za kahawia kwenye kila pembe. Mahali wino wa saiklostaili ulipokolea herufi "e" na "o" zimeziba, na mahali ulipofifia unainamisha ukurasa kuelekea dirishani ili usome. Wamezitoa kwenye mafaili ya zamani na kuzitia kwenye maboksi mazuri ya karatasi ngumu, jambo la kushukuru, ila feni inazunguka juu na unyevu wa pwani unauhisi hadi kwenye meza.

Na yaliyomo? Nilikaa siku ya pili hadi wanafunga. Kuna habari za pamba na viboko, kuna hongo (si rushwa, ni jina la wajumbe wa Kinjikitile) waliopeleka dawa ya maji mbali na Ngarambe, kuna habari zilizonong'onwa kutoka mtu hadi mtu kabla ya vita, ambazo wazee waliziita *njwiywila*. Neno hilo katika kitabu cha shule sikulikuta hata mara moja. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa changa kabisa, na ukisoma karatasi hizi unaelewa kwa nini kumnyonga hakukuzima kitu: habari zilikuwa zimeshatembea.

Lakini nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kukereka, na kosa si la chuo hiki. Mahojiano mengine yamebaki kwa Kiswahili, mengine yameletwa kwa Kiingereza tu. Mzee alisema Kimatumbi, kijana akasikia, akaandika, kisha ikapigwa taipu kwa lugha ambayo mzee yule asingeweza kusomewa akasema ndiyo au siyo. Na katika kurasa zote nilizozipitia, waliohojiwa karibu wote ni wanaume. Katika vita yenyewe wanawake wamo: Mkomanile wa Kitanda, nduna, yaani kiongozi, wa kike wa Ungoni, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Waliobaki na watoto wakati jeshi la Mjerumani lilipochoma vyakula na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, hao walikuwa hasa wanawake. Mwaka 1968 baadhi yao walikuwa hai, wamekaa jikoni mita kumi kutoka kwa kijana mwenye daftari.

Siku ya tatu nilifika kwenye kilima chetu. Majirani wamo, ukoo wa upande wa pili wa kijito umo. Babu mzaa bibi, ambaye nyumbani kila mtu husema alibeba maji ya dawa akiwa kijana mdogo, hayumo. Nilipitia lile boksi mara mbili. Dada akaniona nimenyamaza, akaniuliza kama kuna mtu wa kwetu ninayeweza kumpigia. Nikatoka kwenye korido nikampigia mama mkubwa, kule Kipatimu.

Nikamsomea kipande. Nilipofika *njwiywila* akacheka hadi akakohoa, akanifanya nilirudie mara nne. Kisha nikamwuliza kuhusu babu.

"Walikuja," akasema. "Mimi nilikuwa msichana mkubwa, ndiye niliyewapelekea maji ya kunywa. Babu yako aliwaona na yale madaftari akasema hao ni watu wa kodi. Akachukua jembe, akaenda shamba, hakurudi mpaka usiku. Bibi yako ndiye alikuwepo. Alikuwa na maneno tele. Wakamwuliza mzee anarudi saa ngapi."

Nilirudi ndani nikamsimulia dada. Nikamwomba aiandike penseli pembeni mwa karatasi, akakataa katakata, na nikiri kwamba yuko sahihi: nyaraka ya 1968 ibaki ya 1968. Ila aliniletea karatasi safi, nikaandika mambo matatu: jinsi jina la kijito chetu linavyotakiwa kuandikwa, kwa nini nyumba yetu haina mahojiano, na namba ya ukurasa ambapo yangekaa. Akaipiga muhuri wa tarehe, akafungua faili jipya, akaandika juu yake "Maelezo ya wasomaji", akaliweka ndani ya boksi lile lile, nyuma.

Kwa watakaokwenda: barua ya chuo au ya shule kabla ya kutoka nyumbani, penseli mbili (kuchonga hairuhusiwi mezani), sweta si lazima, maji unakunywa nje. Nendeni asubuhi, maana mchana umeme ukikatika kusoma kunakuwa kwa kubahatisha. Simu ijae chaji na salio, na mwe na namba ya mtu wa nyumbani anayekumbuka. Kutoa nakala ni ghali kuliko duka lolote la nje, lakini picha za simu ni bure. Nimepiga kurasa 61. Mjomba amezichapa zote, mama mkubwa anasomewa jioni na wajukuu, na mpaka sasa ameshasahihisha majina ya sehemu tano.

Nyota nne kati ya tano. Mwezi ujao narudi na hizo tano. Nilipomwuliza dada kwa simu, alisema faili jipya bado lina karatasi moja tu, ile yangu.