Fumbo la maneno la kila siku la New York Times: uzoefu wangu baada ya mwaka na miezi minne

Fumbo jipya hufika kwenye simu yangu saa kumi na moja alfajiri. Kwao New York ni saa nne usiku. Kwetu Dar es Salaam muadhini ndiyo kwanza anajiandaa. Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa Novemba, linasogea hadi saa kumi na mbili, na hiyo ndiyo miezi ninayochelewa kutoka nyumbani. La Jumapili na la Jumatatu huwahi zaidi, saa saba au saa nane za usiku, ila hayo nayakuta nikiamka.

Nimelijaza karibu kila siku kwa mwaka mmoja na miezi minne sasa. Wenzangu dukani wananiuliza kama kweli kuna haja ya kulipia fumbo la Kiingereza, tena Kiingereza cha Marekani, mtu ukiwa unakaa Magomeni. Nawajibu kuwa ipo. Fumbo hili ni la kuchezea maneno, na sisi tumelelewa na watu wa kuchezea maneno. Mengi yanayotukwamisha mle ni habari za mitaa ya kwao tu. Akili ya kulitegua tunayo tangu enzi za vitendawili vya bibi.

Kwa ambaye hajawahi kuligusa: ni jedwali la visanduku 15 kwa 15, na Jumapili 21 kwa 21. Vyeupe unajaza herufi, vyeusi vinatenganisha maneno. Kila herufi inatumika mara mbili, katika neno la mlalo na katika neno la wima, kwa hiyo ukikosea moja, jingine linakusuta. Jumatatu ni jepesi, kisha ugumu unapanda siku hadi siku mpaka Jumamosi. Ijumaa na Jumamosi kwa kawaida hayana mada. Siku nyingine huwa na mada, yaani majibu marefu matatu, manne au matano yaliyofungwa kwa kamba moja, na mara nyingi kamba hiyo ni mzaha wa maneno: neno linasikika kama jingine, au herufi moja imeongezwa na maana yote ikapinduka. Hapo ndipo roho yangu ilipo.

Siri ya kwanza ya kujua ni alama ya kuuliza. Kidokezo kikiisha na alama ya kuuliza, ujue unadanganywa kwa makusudi, na aliyekutega amekupa taarifa kwamba ametega. Mimi sikulijua hilo. Kuna kidokezo maarufu ambacho kila mjaza mafumbo hukutana nacho siku moja: "Flower of London?", herufi sita. Niliwaza waridi, nikawaza kila ua la bustani za Waingereza, hakuna lililoingia. Nikampigia baba.

Baba yangu anakaa Tanga. Alikuwa karani bandarini miaka mingi, na mkonge mwingi uliokwenda Ulaya ulipita kwenye daftari zake. Nilipomsomea akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hebu litamke polepole, mwanangu. Kuimba, mwimbaji. Kushona, mshonaji. Sasa hao wenzetu wao huweka er mwishoni. Flow ni nini?"

"Kutiririka, baba."

"Basi mtiririkaji wa London ni nani? Mizigo yetu ilikuwa ikiteremshwa Tilbury. Tilbury ipo kwenye mto gani?"

THAMES. Herufi sita. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta, mteja ananisubiri na cheti chake cha dawa, na mimi nimeshika simu mikono miwili. Neno lililokuwa ua kwa nusu saa nzima liligeuka mto mbele ya macho yangu. Tangu siku hiyo sijaacha.

Sasa mada yenyewe inafanyaje kazi. Sitachukua mfano kwenye fumbo lililochapishwa, maana ukishajiunga unafunguliwa hifadhi ya mafumbo tangu mwaka 1993, na wapo wanaoyajaza ya zamani. Sitaki kumharibia mtu utamu. Nimetunga majibu manne ya mboga. Kidokezo cha kwanza: saladi inawaambia nini wenzake kabla ya kula? LETTUCE PRAY, kwa sikio ni kama "let us pray", tuombe. Cha pili: bomba linalotoa mboga? LEEKY FAUCET, bomba linalovuja ("leaky"), ila kuvuja kumeandikwa kwa tahajia ya mboga ya liki ("leek"). Cha tatu: utulivu wa shamba la njegere? PEAS AND QUIET, amani imekuwa njegere. Cha nne: bitiruti inashindana na muda? BEET THE CLOCK, kwa sikio ni "beat the clock", kuushinda muda.

Hesabu herufi zake. La kwanza na la pili yana 11 kila moja, la tatu na la nne yana 12. Hiyo haikuja kwa bahati, ilinichukua jioni nne na karatasi za kutosha. Jedwali la fumbo hili kwa desturi hupangwa hivi: ukiligeuza juu chini, visanduku vyeusi vinabaki palepale. Kwa hiyo majibu marefu lazima yaende mawili mawili kwa urefu uleule. Mtunzi haishii kutafuta mzaha unaochekesha. Anatafuta mzaha unaochekesha wenye herufi 11, kisha anautafutia pacha wake. Baada ya kujaribu mwenyewe nikawa nawaheshimu watunzi hawa kwa namna nyingine kabisa. Na hapo sijagusa yale maneno madogo ya kujazia, ambayo hayaruhusiwi kuwa chini ya herufi tatu.

Mara nyingi huwa kuna jibu moja, aghalabu karibu na mwisho wa jedwali, linalofichua mchezo wa siku hiyo. Mimi nalikimbilia hilo kwanza nikikwama. Na fumbo la Jumapili lina kichwa cha habari, ambacho mara nyingi nacho ni mzaha. Kitafakari kabla hujaandika hata herufi moja. Alhamisi jihadhari, kwa sababu wakati mwingine kisanduku kimoja kinabeba herufi tatu au nne kwa pamoja. Mara ya kwanza nilidhani simu yangu ina matatizo.

Kitu ambacho sikukitarajia ni jinsi sikio langu la Kiswahili linavyofanya kazi mle ndani. Mzaha wa maneno unasikika zaidi ya unavyosomwa, kwa hiyo matamshi ni kila kitu. Kwetu "peas" na "peace" ni sauti ileile, hatuvuti ile z ya mwisho, basi mzaha wa njegere naupata haraka kuliko wanavyodhani wenye lugha yao. Lakini hapo hapo "beat", "beet" na "bit" zote kwangu zinaangukia kwenye i moja ya Kiswahili. Nikawa nasikia mizaha isiyokuwepo. Nilikuwa na uhakika kwamba mtunzi fulani anataka kondoo ("sheep") awe meli ("ship"), nikapoteza asubuhi nzima kujaribu kulisogeza neno liingie, kumbe kondoo alikuwa kondoo tu. Dawa niliyoipata ni kusoma kidokezo kwa sauti. Nikiwa kwenye mwendokasi nasoma kwa midomo tu, na hakuna aliyewahi kunisemesha kitu.

Halafu kuna tahajia. Sisi shuleni tulifundishwa Kiingereza cha Uingereza, na mwalimu wangu alikuwa mkali kwenye COLOUR. Wamarekani wanaandika COLOR, visanduku vitano, si sita. TYRE kwao ni TIRE. Hiyo ya visanduku kupungua utaigundua mara moja, lakini yenye idadi ileile ya herufi itakutesa. Kuna Jumatano moja nilijaza kila kisanduku, programu ikaniambia kuna kosa mahali fulani bila kusema wapi, kwa kuwa ndivyo inavyofanya. Nilizunguka jedwali lote kwenye kituo, dukani, wakati wa chai. Ilikuwa kona ya chini kulia: niliandika GREY. Neno la wima lililopita hapo lilikuwa neno nisilolijua, kwa hiyo halikunisuta. Nikaweka A mahali pa E, na ule muziki mfupi wa ushindi ukalia saa nne na robo usiku. Ipo sehemu ya kukagua na sehemu ya kufunua jibu, na kwa anayeanza ninashauri azitumie bila aibu. Mimi nilizitumia miezi miwili ya mwanzo, ndivyo nilivyojifunza.

Upande usionifurahisha ni ule wa majina. Fumbo limejaa vitu ambavyo Mmarekani amezaliwa navyo: wachezaji wa besiboli wa zamani kama Mel Ott, Bobby Orr wa hoki ya barafu, vifupisho vya majimbo, biskuti za Oreo. Watunzi wanayapenda kwa sababu majina haya ni mafupi na yana irabu zinazoingia popote. Kwa mtu wa hapa hakuna namna ya kulifikiria jina la Ott; ama unalijua ama hulijui. Nina daftari dogo, nikikutana na jina jipya naliandika, na mengi hurudi. Ukiwa na majina hamsini hivi kichwani, njia inafunguka. Na si kwamba sisi hatumo. GNU, yaani nyumbu, hutokea mara kwa mara kwa sababu ni herufi tatu zenye mpangilio wa ajabu, na wenzetu hulitamka kama "new", kwa hiyo mizaha ya mwaka mpya na habari mpya anaibeba nyumbu wa Serengeti. Nikimkuta huwa nafurahi kama nimekutana na jirani ugenini.

Niseme kidogo na historia, kwa sababu ilinishangaza. Fumbo la kwanza la aina hii lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likatoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Lilikuwa na umbo la almasi. New York Times lenyewe lililidharau jambo hili. Mwaka 1924 liliandika kwamba ni upotevu wa muda. Likaja kukubali mwaka 1942, vita vimepamba moto na Marekani imeshashambuliwa Pearl Harbor, watu wanahitaji kitu cha kutuliza mawazo. Mhariri wa kwanza alikuwa Margaret Farrar. Kuanzia 1950 likawa la kila siku. Will Shortz, aliyeshika uhariri mwaka 1993, ndiye anayehusishwa sana na kuongezeka kwa utani na vidokezo vyenye maana mbili, na ndiyo maana mafumbo ya kabla yake nimeyasikia yakiitwa makavu.

Kuhusu malipo: fumbo kubwa la kila siku ni la kulipia, na bei inahesabiwa kwa dola, hivyo angalia kiwango cha siku hiyo kabla hujakubali. Kadi yangu ya benki ilikataliwa mara mbili. Nikafanikiwa kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia simu. Data linatumia kidogo sana. Ukishalifungua fumbo kukiwa na mtandao, unaweza kuendelea kulijaza hata mtandao ukikatika. Programu huhesabu pia siku ulizomaliza mfululizo bila kuruka. Nilifikisha 41. Siku ya 42 tulikuwa na msiba Korogwe na sikuigusa simu, na wala sikusikitika.

Nani anafaa kujiunga? Mwenye Kiingereza cha kidato cha nne kilichokaa sawa, anayependa mafumbo, aanze na Jumatatu na Jumanne tu kwa mwezi mzima. Asiguse Jumamosi. Anayetaka kupima ujuzi wa jumla tu, bila mizaha, atachoka nalo upesi. Anayefundisha Kiingereza namwambia alichukue kesho, kwa sababu sijaona kitu kinachomlazimisha mtu kulitazama neno pande zake zote kama hiki. Shuleni tulikariri vitawe kwa ajili ya mtihani: kaa, paa, ua, panda. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna watu wanaamka kila siku kuvifanyia kazi.

Baba hakujiunga, macho yake hayawezi kusoma vitu vidogo kwenye simu. Amechora jedwali lake nyuma ya kalenda ya mwaka jana, kwa rula, na anatunga kwa Kiswahili. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe: "Haendi malishoni, meno yake ya chuma, na mama humkalia. Herufi tano?" Nikacheka peke yangu, kwa sababu nilimwona mama jikoni Tanga, kanga kiunoni, ameikalia mbuzi na nazi inachururika kwenye sinia. Nikamjibu. Jana akaniletea neno la wima linaloanzia kwenye Z ya MBUZI: "Mvuvi wa Mwanza analitegemea, na kichanga analitegemea? Herufi nne." Nilikuwa kituoni Magomeni Mapipa, na nikampigia kabla basi halijafika.