Barua ya daktari kwa ajili ya bima: uzoefu wangu wa kuomba kibali cha upasuaji wa kupunguza uzito, Mbeya

Daktari aliyeniandikia barua ya pili nampa nyota tano. Ya kwanza niliipata kwenye zahanati binafsi jirani na kwangu, ikiwa na mistari miwili tu: mgonjwa tajwa ana uzito mkubwa, tunaomba asaidiwe kufanyiwa upasuaji. Muhuri, sahihi, lipa hela nenda. Bima wakaikataa wakisema kupunguza uzito ni huduma ya urembo. Urembo! Mtu anayetoka Kabwe kwenda Mwanjelwa, hapa hapa mjini, kwa miguu anatafuta pa kukaa njiani, anaambiwa anataka urembo.

Basi nikaenda kliniki ya kisukari katika hospitali moja hapa mjini, ambako nimekuwa nikihudhuria kwa miaka. Daktari hakugusa kalamu kwanza. Aliniuliza, "Mama, madaftari yako ya kliniki unayo?" Nilikuwa nayo kwenye mfuko, yote, hata lile lililoliwa kona na panya. Akayafungua moja moja, akanakili tarehe na kilo: nilipoanza dawa, nilipopungua nikifuata maelekezo ya mtaalamu wa lishe, nilipoongezeka tena. Halafu akanivulisha koti na viatu, akanipima upya uzito na urefu kwa mkono wake. Wenyeji mtanielewa: kwa baridi ya mwezi wa sita Mbeya, ukipimwa na koti, umepimwa wewe na duka zima la mitumba.

Kilo 118, urefu mita 1.62. Ukigawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe unapata BMI ya 45, na hiyo ndiyo namba iliyokaa mstari wa juu wa barua. Alinieleza kwamba vigezo vya nani anafaa kufanyiwa upasuaji huu, vilivyotumiwa na wengi tangu mwaka 1991, vilivyotoka Marekani, vinasema BMI 40 na kuendelea, au 35 kama una ugonjwa unaotokana na uzito. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu walishusha: 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine. "Lakini tuwajibu kwa kile cha zamani," alisema, "wewe unakipita hata hicho, hawatakuwa na pa kutokea." Hapo ndipo nilipompenda.

Baada ya namba yakafuata magonjwa kwa majina yake: kisukari aina ya pili pamoja na majibu ya kipimo cha sukari cha miezi mitatu, presha na dawa ninazomeza, na kukatika pumzi usingizini. Hilo la mwisho mume wangu alilieleza mwenyewe chumbani mle, na kuigiza akaigiza. Kisha ikatajwa aina ya upasuaji, ule wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo ubaki mwembamba kama mrija, na rufaa ya kwenda hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam. Neno "naomba" lilikuwa moja tu, mwishoni.

Kasoro zipo. Foleni ni ndefu, na karani aliyechapa barua alikosea namba ya kadi yangu ya bima. Bahati nilisoma kabla haijapigwa muhuri. Soma yako kila herufi, kwa sababu jina likitofautiana na la kwenye kadi dirishani watakurudisha bila huruma.

Bima nao hawakukubali hapo hapo. Waliomba ripoti ya mtaalamu wa lishe iambatanishwe, nikaipeleka, kibali kikatoka. Wanalipia upasuaji na kulala wodini. Vitamini, ambazo baada ya upasuaji huu unameza maisha yote, pamoja na nauli ya Dar na malazi ya wifi yangu atakayeniuguza, ni juu yetu. Kwa hiyo uliza mapema kibali kinagusa nini na kinaisha lini. Changu kina tarehe ya mwisho, na miadi ya Dar haipatikani kwa kupiga simu mara moja.

Ukienda kliniki kama hiyo, beba madaftari yote, majibu ya vipimo, kadi ya bima na barua ya kukataliwa kama unayo. Daktari wangu aliisoma ile ya kwangu mstari kwa mstari, na kila hoja yao akaijibu kwa aya yake.