Nimekwenda mara mbili siku ya mataifa na fursa za masomo chuoni Tabora: uzoefu wangu

Mwaka jana nilikwenda peke yangu, nikarudi Sikonge na mfuko wa vipeperushi vizuri vizuri ambavyo mwisho wake viliishia kuwa majalada ya madaftari ya kidato cha pili. Mwaka huu nimerudi, safari hii na mdogo wangu wa kiume aliyemaliza kidato cha sita, na nilijiapiza sipokei karatasi ya mtu kabla sijamuuliza swali.

Chuo sikitaji jina. Nina malalamiko humu ndani, na mwakani bado nataka waniruhusu kuingia. Shughuli ni ya siku moja, Jumamosi ya mwisho wa Novemba. Uwanjani kunakuwa na mabanda ya mataifa, vyakula, mavazi na ngoma. Ukumbini ndiko kwenye meza za ufadhili na masomo ya nje. Wanafunzi wa chuo wanaingia bure, sisi wa kuja tulilipa 2,000 kila mmoja getini, tukafungwa utepe wa karatasi mkononi ambao jasho liliumaliza kabla ya saa sita.

Tangazo lilisema saa mbili asubuhi. Tuliwahi Kosta ya kwanza, tukafika saa mbili kasorobo tukiwa na vumbi na imani. Saa nne mgeni rasmi hajafika, na bila mgeni rasmi ukumbi haufunguliwi. Saa tano na nusu ndipo alipokata utepe, kisha hotuba. Kila aliyeshika kipaza sauti alimtaja Mwalimu Nyerere, na kila mmoja alimtaja kwa namna ileile: alisoma Tabora Boys, tujivunie. Sawa. Ila hakuna aliyesema lile ambalo lingetufaa siku ile. Baada ya Makerere alirudi hapahapa Tabora kufundisha St. Mary's, shule ambayo leo tunaiita Milambo, na akiwa mwalimu wa shule ndipo alipopata ufadhili wa kwenda Edinburgh mwaka 1949. Mwalimu wa sekondari, Tabora, anaomba kwenda kusoma nje. Nilikuwa nimekaa mstari wa sita na sifa hizohizo, nikasubiri mtu aliseme. Wakahamia kwenye itifaki.

Uwanjani sina neno baya, karibu. Meza ya Japani ilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyejifunza maandishi ya katakana kwa simu yake tu, anakuandikia jina lako kwa wino mweusi kwenye kadi. Foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya wali. Uturuki walikuwa na chai ya rangi kwenye vile vibilauri vyenye kiuno. Ujerumani kulikuwa na mkate mgumu na bendera, Mjerumani hakuna. India iliendeshwa na familia ya Kihindi ya hapahapa mjini, na mama aliyekuwa akikaanga bhajia anakisema Kiswahili cha Tabora kunipita mimi. Jirani yao banda la Oman, mzee wa Kanyenye na halua yake na birika la kahawa. Nikamwamkia, nikamuuliza Oman alikwenda lini. Akacheka: "Mwanangu, Muscat nimekwenda mara moja kuhudhuria harusi. Nilizaliwa hapo nyuma ya soko."

Hapo ndipo nilipoanza kulipenda banda zima. Mji huu ulikuwa Kazeh, njia panda ya misafara, kabla hata ya reli kufika mwaka 1912. Mataifa tulikuwa nayo zamani, ila tunayapa bendera mara moja kwa mwaka.

Kilele kilikuwa ngoma. Mshereheshaji alipaza sauti: "Tuwapokee wageni wetu kutoka Burundi!" Vijana wakaingia wamejitwisha ngoma kichwani, wanazipiga huku wanatembea, zile ngoma kubwa za gogo zima. Wakazitua nusu duara, moja ikabaki katikati, ndiyo inkiranya, inayowaongoza wengine. Kijana aliyekuwa mbele akaomba kipaza sauti kabla hajaanza. "Samahani kaka. Sisi ni wa Ulyankulu." Uwanja ulilipuka. Ulyankulu ni hapahapa mkoani, makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Mwaka 2014 UNESCO iliziingiza ngoma hizi kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni, na mwaka huohuo Tanzania ikatangaza uraia kwa watu wapatao 162,000 wa makazi yale na mengine kama Katumba na Mishamo. Kwa hiyo siku ile tulikuwa tunawakaribisha Watanzania nchini Tanzania.

Kitu kingine: kati ya wapigaji mmoja alikuwa binti, kajifunga kanga, anaruka na kutua sawasawa na wenzake. Huko Burundi agizo la serikali la mwaka 2017 linakataza wanawake kuzipiga ngoma hizi. Ulyankulu hawakulisikia, au wamelisikia wakaendelea na shughuli zao. Kwa ngoma ile peke yake, 2,000 yangu ilirudi.

Sasa ukumbini.

Meza zilikuwa tisa. Nafasi za mbele, penye feni na karibu na jukwaa, zilikuwa za mawakala. Niliambiwa nafasi hizo zililipiwa. Kijana wa suti ya bluu akamwonyesha mdogo wangu picha za bweni lenye bwawa la kuogelea, akamwambia udahili ni wa uhakika, tena kuna "punguzo la ufadhili," aanze tu na 180,000 za kufungua faili. Mdogo wangu akanigeukia na yale macho anayoyatoa akitaka kitu tangu ana miaka minne. Nikamuuliza yule kijana: hii hela inakwenda chuoni au inabaki kwako? "Mwalimu, huduma ina gharama zake." Basi nikajua. Alijuaje mimi mwalimu sijui, labda viatu.

Wala simchukii, ana biashara yake. Ninaowalaumu ni waandaaji waliomweka mstari mmoja na ufadhili wa kweli bila hata kibao cha kutofautisha. Ufadhili wa serikali ya Uturuki, kwa mfano, unaomba mtandaoni mwenyewe bila kulipa senti, na ukipata unagharimiwa ada, malazi, bima, tiketi ya ndege, posho ya kila mwezi, na mwaka mzima wa kujifunza Kituruki kabla hujagusa somo lako. Dirisha lake kwa kawaida ni Januari hadi Februari. Hayo tuliyapata kwa binti mmoja kwenye meza ya Uturuki uwanjani, aliyekuwa anamimina chai. Wa shahada ya kwanza wanataka uwe chini ya miaka 21, na wastani wa asilimia 70, ila kwa udaktari, meno na famasia ni 90. Mdogo wangu anataka udaktari. Alikunywa chai yake kimya.

Lalamiko langu kubwa ni kalenda. Meza ya Uingereza ilikuwa imejaa vipeperushi vya Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, na vijana wanavigombania. Chevening hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba. Sisi tuko mwisho wa Novemba. Nilimuuliza msimamizi wa meza, kijana mpole sana, akanijibu kwamba na yeye amepewa tu karatasi azigawe. Tena wengi waliokuwa wanavigombania ni wa mwaka wa kwanza na wa pili, na ufadhili ule ni wa uzamili, unadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, yaani kama miaka miwili, na ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae miaka miwili. Kipeperushi chenyewe kimeyaeleza yote hayo, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo. Tamasha hili lingefanyika Agosti lingekuwa na faida mara tatu. Nilisema hivyo kwenye fomu ya maoni mwaka jana pia.

Mtihani wa Kiingereza nilipouliza unafanyikia wapi, jibu likawa Dar es Salaam. Ongeza nauli, malazi, ada ya mtihani, na pasipoti 150,000. Hakuna mzungumzaji aliyeweka hesabu hiyo ubaoni. Wote walikuwa na picha za theluji.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Kule kona ya nyuma, karibu na mlango wa kuelekea vyooni, kulikuwa na meza ya plastiki isiyo na bango wala kitambaa. Amekaa mhadhiri mmoja, mama wa makamo, aliyesomea Ujerumani kwa ufadhili wa DAAD, shirika la Kijerumani linalofadhili masomo. Mbele yake karatasi imeandikwa kwa kalamu ya wino: NASOMA BARUA ZA MAOMBI. Foleni watu saba. Nilikuwa na barua yangu kwenye bahasha, ile ya kujieleza kwa nini unastahili, nimeiandika usiku wa Jumatano nikaiona nzuri mno.

Akaisoma mstari wa kwanza, akavua miwani.

"Mwalimu, mwaka huu nimesoma barua kama 30 hivi. Nusu zinaanza na elimu ni ufunguo wa maisha. Mlango wenyewe uko wapi?"

Nikakosa jibu. Akaendelea, anapiga mstari kwa kalamu: aya hii umaskini wa kwenu, aya hii umaskini wa wilaya, aya hii unaipenda Ujerumani kwa sababu imeendelea. "Anayesoma hii anajua Ujerumani imeendelea, ndiko anakoishi. Wewe ukitoka darasani unafanya nini?"

Nikamwambia ukweli, kwa aibu kidogo. Nafundisha kemia. Baba yangu ana mizinga ya magogo porini huko Sikonge, na mwaka juzi kilabu cha kemia cha shule tulipima asali ya wafugaji kumi na mmoja, kwa kile kifaa kidogo cha kupima unyevu unachochungulia kama darubini. Asali ikizidi maji asilimia 20 inachacha, na wanunuzi wakubwa hawaitaki. Tuligundua iliyochacha ni ya wale wanaorina kabla masega hayajafunikwa na nta, wengi wao kwa sababu wanamuwahi mwizi. Wanafunzi walikwenda kuwaeleza wazee, na wazee wawili walikasirika.

Akaweka kalamu chini. "Haya yote yako wapi kwenye barua?"

"Hayamo, mama."

"Hayamo," akarudia, akamtazama aliyefuata nyuma yangu kama anayemwita shahidi. Kisha akaniuliza nilihitimu lini shahada ya kwanza. 2020. Akahesabu kwa vidole. Ule mpango wa DAAD wa kozi za uzamili za maendeleo unadai angalau miaka miwili ya kazi, ninayo, lakini shahada ya mwisho isiwe imepita miaka sita. "Kwa hiyo unalo dirisha moja, mwalimu. Kila kozi ina tarehe yake, ingia kwenye tovuti yao, usisubiri tamasha la mwakani." Dakika kumi na mbili. Hakunitoza kitu, akaniandikia namba yake nyuma ya bahasha, akamwita wa nyuma yangu.

Mwaka jana sikuiona meza ile. Mhadhiri ananiambia alikuwepo, kona ileile.

Nikitakiwa kutoa nyota, uwanja nautolea tano, ukumbi mbili, na wastani mtajaza wenyewe. Vyoo vilikuwa safi hadi saa saba. Wali na maharage 3,000, ukiongeza nyama 4,500. Michembe kwenye banda la Wanyamwezi ilikuwa ya bure ukikubali kucheza manyanga, na mdogo wangu alicheza vibaya akapewa sahani mbili. Kivuli ni cha kutosha, miembe ni mingi, ila angalia unapokaa maana embe za Novemba zinadondoka bila taarifa. Mtandao ukumbini ulikatika watu walipoambiwa wote wafungue tovuti moja kwa pamoja, jambo ambalo mtu yeyote angelitabiri.

Ukienda, nenda na barua yako, sivii, na nakala za vyeti, hata kama tangazo halikusema. Pita mbele haraka. Kona ya nyuma ndiko kwenye kazi.

Kadi ya katakana ya mdogo wangu ameibandika juu ya kitanda. Ameacha kuzungumzia bwawa la kuogelea. Ameanza kuuliza maswali ya uuguzi, na juzi nilimkuta anajihesabia wastani wake kwenye gamba la daftari la zamani la mwanafunzi wangu, lililofunikwa kwa kipeperushi cha chuo cha Ulaya.

Barua yangu nimeshaiandika upya mara tatu. Ya mwisho nilimtumia mhadhiri juzi usiku, asubuhi nikakuta jibu la mstari mmoja: nyuki bado wako aya ya pili, wapandishe juu.