Dar kwenda Dodoma kwenye harusi: treni ya SGR au basi?

Kila msimu wa harusi naulizwa hili swali, na mi nimepanda vyote viwili kwenda kumuona mama, kwa hiyo nawaambia nilivyoona.

Muda, SGR inashinda mbali. Toka ianze kufika Dodoma Julai 2024, safari ni kama masaa manne hivi au pungufu, kwa basi we andaa masaa saba mpaka tisa, kuna foleni ya kutoka Dar, kuna malori Morogoro huko. Mwaka jana basi nililopanda liliharibika njiani tukakaa mpaka giza, sendoff ya rafiki yangu wa utotoni nikaikosa, iliniuma sana jamani.

Nauli hazipishani sana, daraja la kawaida la treni ni kama elfu 31. Ila stesheni ya Dodoma iko Mkonze, hesabu na boda au bajaji ya kukufikisha mjini.

Tiketi ndo kasheshe. Treni inajaa mapema wikiendi na sikukuu, ila kwa basi unaweza kuamka tu ukaenda stendi ya Mbezi ukapata siti.

Afu kama kwenu ni Gairo au Kibaigwa, basi linakushusha hapohapo barabarani, treni haipiti huko kabisa, na ukiwa na magunia ya zawadi basi linakuelewa zaidi. Lakini kama uko kwenye kamati, au unasimamia maharusi na ukumbi ni Dodoma mjini, mi ningekata treni wiki mbili kabla, na kurudi ningepanda basi nipitie kwa shangazi Kibaigwa.