Kikokotoo cha umbali wa viwanja vya ndege, Nairobi–New York: kilomita zake nazikubali, masaa yake hapana

Kama unataka tu kujua kutoka Jomo Kenyatta hadi John F. Kennedy ni mbali kiasi gani, vikokotoo vya bure vya mtandaoni vinatosha. Nilichokitumia kinatoa kilomita 11,840 hivi, na hesabu ya mkono kwa latitudo na longitudo inafika hapohapo. Kwenye umbali sina lawama.

Ila jaza misimbo ya viwanja, NBO na JFK, usijaze majina ya miji. Ukiandika "New York" unaweza kupewa katikati ya jiji, au Newark (EWR), ambayo iko New Jersey. "Nairobi" nayo inaweza kukutupa Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, kwenye vindege vya kwenda Mara. Angalia na kizio: 7,355 ni maili za kawaida, 6,390 ni maili za baharini. Watu wengi hubishana bure kumbe wanasoma vizio viwili tofauti.

Muda ndio unaonikera. Kikokotoo kinagawa kilomita kwa kasi moja, 900 kwa saa, kinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, kisha kinakuambia masaa 13 na dakika 40, kwenda na kurudi sawasawa. Ratiba haiko hivyo. Safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways, iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8, hupangiwa takriban masaa 15 kwenda na 14 kurudi. Juu ya Atlantiki upepo mkali huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo wakati wa kwenda ndege inakwenda mbisho. Wakati wa kurudi inasukumwa. Halafu ule mstari mzuri kwenye ramani unapita Uganda, Sudan Kusini, kando ya Darfur iliyo Sudan, Chad, Niger, Algeria na Moroko. Rubani hafuati mstari huo kama ulivyo: anga ya Sudan ilifungwa vita vilipozuka Aprili 2023, na ya Libya mashirika mengi huikwepa. Ratiba pia inahesabu kuanzia ndege inapoondoka getini hadi inapofika getini, pamoja na foleni ya JFK ambayo si ya mchezo.

Saa za kufika zikokotoe mwenyewe. Tiketi ikisema 23:30, hiyo ni saa tano na nusu usiku. Ongeza masaa 15: Nairobi itakuwa saa nane na nusu mchana. Sasa toa masaa 8 kama ni majira ya baridi, unapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi New York. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi ile ya kwanza ya Novemba toa 7, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao mbele na sisi hatusogezi. Kikokotoo changu kilitumia 8 mwaka mzima. Anayekuja kukupokea Julai atakusubiri saa nzima.

Kwa safari ya kuunganisha, pima kila kipande peke yake. Kupitia Doha ni kama kilomita 3,350 kisha 10,770, jumla 14,120, yaani 2,280 zaidi ya njia ya moja kwa moja. Masaa ya kukaa Doha hayamo humo, yasome kwenye tiketi.