Gia za mbele kwa vilima vya Moshi: ununue ipi kwanza

Kutoka Moshi mjini hadi Himo, gia ya mbele yenye meno 53 inapendeza. Kata kushoto kupanda Marangu, na kero inaanza. Geti la Marangu liko karibu mita 1,000 juu ya mji, na njia ya Kibosho haina huruma zaidi. Baiskeli yangu ya mtumba ilikuja na gia za meno 53 na 39 mbele, na kubwa ya nyuma ya meno 25. Kwa mwendo wa kilomita 9 kwa saa, miguu ilizunguka mara 46 tu kwa dakika. Magoti yalinikumbusha usiku kucha.

Kabla ya kutoa hela, chukua rula. Krenki (mkono wa pedali unaoshika gia za mbele) ya mikono mitano: pima kutoka katikati ya boliti moja hadi katikati ya boliti jirani. Ukipata milimita 76 hivi, duara linalopita katikati ya boliti zote lina kipenyo cha milimita 130, na gia ya meno chini ya 38 haiingii. Ukipata karibu 65, duara ni 110 na 34 inaingia. Duka moja liliniuzia 34 bila kuuliza swali hilo. Nilifika nyumbani, mashimo hayakukutana, na hela haikurudi. Krenki za Shimano za mikono minne, kama modeli ya 105 toleo la 5800, zina duara moja la 110 kwa saizi zote, lakini nafasi za boliti hazilingani, kwa hiyo nunua gia iliyotengenezwa kwa krenki hiyo.

Kwangu ya kwanza kununua ni kaseti, yaani seti ya gia za nyuma, ingawa umekuja kuulizia mbele. Piga hesabu, gawa meno ya mbele kwa ya nyuma, na jibu dogo ndilo jepesi kupanda: 39 mbele na 28 nyuma ni 1.39, 34 mbele na 25 nyuma ni 1.36. Tofauti haifiki hata pumzi moja, na hujagusa krenki. Tazama tu kibadilisha gia cha nyuma: vingi vya zamani vyenye mkono mfupi havivuki meno 28.

Ya pili, na ndiyo bora kama duara lako ni 110, ni 50 na 34. Ukiiunganisha na 28, unapata 1.21, na kwa kilomita zile zile 9 miguu inazunguka karibu mara 59. Watu husema "utakosa spidi". Jamani! 50 na 11, ukikanyaga mara 90 kwa dakika, ni zaidi ya kilomita 51 kwa saa. Ukiteremka kutoka Marangu kwa kasi hiyo, jambo la kufikiria ni breki.

Ya tatu ni 52 na 36. Inamfaa anayeishi Arusha upande wa Njiro na kupanda milima mara chache, au mwenye miguu ya mbio kweli. Mimi sina.

Ya nne, 48 na 32 au 46 na 30, ni tamu kwa mwenye mizigo au anayepanda Kibosho kila wiki. Ila kwa kawaida inahitaji krenki yake, na kibadilisha gia cha mbele lazima kikubali kushuka chini vya kutosha. Bei inapanda haraka.

Usinunue 34 ili uipachike pamoja na 53. Tofauti ya meno 19 imezidi vibadilisha gia vingi vya mbele, ambavyo huishia 16, na cheni itaanguka pale pale unapoihitaji.

Ukishafunga, mwambie fundi ashushe kibadilisha cha mbele hadi kiwe milimita 1 hadi 3 juu ya meno ya gia kubwa, apime upya urefu wa cheni, na asiweke cheni iliyochakaa juu ya meno mapya. Kisha panda kidogo barabara ya Kibosho kabla hujamlipa.