Betri ni yao, soketi iliyoungua wananiambia ni yangu

Nguvu iko, sikatai. Pikipiki hii ya umeme inapanda mlima na abiria na mzigo bila kulalamika, na tangu petroli ipite shilingi 200 kwa lita hapa Kenya mwaka 2023, wengi stejini kwetu wamekuwa wakiniuliza kama wachukue. Nilikuwa nawaambia wachukue. Tuliuziwa mfumo wa vipande: betri ni ya kampuni, unaichomoa kwenye kituo chao na kupachika nyingine iliyojaa, mota iko ndani ya gurudumu la nyuma, kontrola, kile kisanduku kinachopimia mota umeme, iko chini ya kiti. Kikifa kimoja, kinabadilishwa hicho tu.

Basi msimu huu wa mvua nikapakia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Waiyaki Way, karibu na Kangemi, mota ikakata ghafla, na kioo cha dashibodi kinaonyesha chaji zaidi ya nusu. Nyuma yetu matatu inapiga honi. Nilipoisukuma kando na kufungua kiti, harufu ya plastiki iliyoungua ikanipiga usoni. Pini moja ya soketi, pale plagi ya betri inapochomekwa, ilikuwa nyeusi tii, na plastiki kandokando yake imevimba. Yule mama alishika njia kwa miguu kwenye matope.

Kituoni, kijana wa zamu hata hakuinama kuangalia. "Boss, betri ndiyo yetu. Soketi iko kwa pikipiki, na pikipiki ni yako." Nikamwomba basi aitazame plagi ya betri yenyewe. Akanijibu mbele ya foleni nzima: "Kwani wewe ni fundi?"

Betri hailali kwangu. Leo iko kwangu, kesho iko kwa mtu wa Kawangware, inachomekwa na kuchomolewa kutwa. Plagi ikilegea, umeme wote unapita kwenye mguso mdogo, joto linapanda, pini inaungua, volti zinashuka na kontrola inakata mota ili ijilinde. Plagi moja mbovu inazunguka ikiharibu soketi za watu, halafu kila mmoja anaambiwa alipe ya kwake! Na huwezi kwenda Grogan ukatafute fundi wa kukufungia nyingine, kwa sababu akigusa mtu wa nje, waranti imekufa. Mkopo wa pikipiki nao hausubiri.

Nilikaa chini nikitaka kuwaambia msinunue kabisa. Lakini juzi niliazima pikipiki ya petroli ya shemeji yangu, na pesa niliyoacha petroli stesheni ilinikumbusha kwa nini nilihama. Kwa hivyo chukueni, ila kabla ya kupachika betri yoyote angalieni plagi yake, na ikiwa na weusi ikataeni, hata foleni ipige kelele. Au msichukue hadi waandike kwenye mkataba kwamba soketi ni jukumu lao. Kwa hasira niliyo nayo sasa, nasema msichukue.

Wakinifungia soketi mpya bila kunilipisha, nitarudi hapa niseme. Lakini yule kijana aniombe msamaha kwanza, na iwe mbele ya foleni ileile.